Mafunzo ya usalama kazini: yanavyofaa kufanyika na sheria inavyotaka

Mafunzo ya usalama kazini yana makusudi matatu: mfanyakazi azijue hatari za kazi yake, aimudu kazi hiyo bila kujidhuru wala kudhuru wenzake, na ajue la kufanya mambo yakienda mrama. Katika nchi za Afrika Mashariki, mafunzo haya ni wajibu wa mwajiri kisheria, wala hayategemei hisani yake. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali ambao wengi huujua kwa jina la OSHA. Zanzibar ina sheria yake, Na. 8 ya mwaka 2005. Kenya inaongozwa na Sheria Na. 15 ya mwaka 2007. Sheria hizi zilichukua nafasi ya sheria za viwanda zilizotungwa enzi za ukoloni, ya Tanganyika mwaka 1950 na ya Kenya mwaka 1951, ambazo macho yake yote yalikuwa kwenye boila, mikanda na magurudumu ya mashine. Siku hizi duka la jumla, hoteli, shamba la maua na ofisi ya wahasibu vimo ndani ya sheria sawa na kiwanda cha saruji.

Mwezi Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani (ILO) liliyaweka mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi, sambamba na uhuru wa kuunda vyama na marufuku ya kazi ya kulazimishwa. Makadirio ya shirika hilo yaliyotolewa mwaka 2023 yanaonyesha kwamba watu wapatao milioni 2.93 hufa kila mwaka kwa sababu zinazotokana na kazi. Katika hao, wanaouawa na ajali ni kama 330,000. Waliobaki, milioni 2.6, huuawa na maradhi. Uwiano huo unafaa kukumbukwa na kila anayepanga mafunzo, maana ratiba nyingi hujaa habari za kuanguka, kukatwa na kuungua, huku vumbi, kemikali, kelele na joto vikiachiwa dakika tano za mwisho, watu wakiwa wameshaanza kutazama saa.

Kasoro kubwa zaidi ni mafunzo kugeuka karatasi. Mtaalamu huitwa mara moja kwa mwaka, huonyesha picha ukutani kwa saa tatu, watu wakanywa soda, wakasaini orodha ya mahudhurio, na cheti kikabandikwa karibu na mapokezi. Mkaguzi akija, ushahidi upo. Kesho yake kijana wa karakana anashika grainda isiyo na gadi, yaani kinga ya diski, kama alivyofanya jana. Sheria huenda imeridhika kwa siku hiyo, lakini hakuna aliyefunzwa. Kipimo cha mafunzo ni kile anachokifanya mtu akiwa peke yake na mashine, msimamizi hayupo na kazi ina haraka.

Kazi yenyewe huanza kabla ya somo la kwanza, kwa tathmini ya hatari. Kenya inamtaka mwajiri afanye tathmini hiyo, na hata pale sheria isipoitaja kwa urefu, hakuna njia nyingine ya kujua nini kifundishwe. Haihitaji chombo cha gharama. Watu wawili au watatu, mmoja wao akiwa anayeifanya kazi yenyewe, huzunguka eneo la kazi kwa mwendo wa pole na kuandika: hapa kuna nini kinachoweza kumdhuru mtu, ni nani yuko karibu nacho, madhara yake yanaweza kuwa makubwa kiasi gani, na sasa hivi kinadhibitiwa vipi. Inafaa mzunguko huo ufanyike pia usiku kama kuna zamu ya usiku, na siku ya kupokea mzigo, kwa sababu hatari nyingi hazionekani saa nne asubuhi wakati kila kitu kimetulia. Kazi zisizo za kila siku, kama kusafisha tangi, kubadili taa za juu au kuzibua mashine iliyokwama, ndizo zinazosahaulika, na ndizo zinazoua.

Baada ya kuorodhesha hatari, huja swali la kuzidhibiti, na hapa kuna mpangilio ambao wataalamu wa fani hii wanakubaliana nao karibu dunia nzima. Kwanza hatari iondolewe kabisa ikiwezekana. Ikishindikana, kitu kibaya kibadilishwe kwa chenye nafuu, kwa mfano rangi ya maji badala ya ile yenye kiyeyushi kikali. Kisha hutengwa: mashine huwekewa gadi, shimo huzungushiwa uzio, vumbi hufyonzwa pale pale linapotoka. Ndipo huja taratibu, mafunzo na zamu fupi, na mwisho kabisa vifaa vya kujikinga. Kwa hiyo mafunzo yenyewe yako karibu na mkia wa orodha. Mwajiri anayewafundisha watu jinsi ya kuwa waangalifu karibu na mkanda wa mashine usiofunikwa amechagua njia dhaifu na kuacha ya bati na bolti nne.

Namna ya kufundisha ina historia yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya Marekani vilipokea maelfu ya watu ambao hawakuwahi kushika mashine, na kukaandaliwa mpango wa kuwafundisha wasimamizi jinsi ya kufundisha. Hatua zake nne bado hazijapitwa na wakati: mwanafunzi aandaliwe na kuulizwa anachokijua tayari, aonyeshwe kazi kidogo kidogo na kuelezwa kwa nini kila kipande kinafanywa hivyo, aifanye mwenyewe huku akieleza kwa kinywa chake, kisha aachwe na kufuatiliwa. Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa. Anayeweza kueleza sababu huku mikono ikitenda, huyo ameelewa. Anayeitikia “ndiyo” kwa kila kitu huenda anangoja tu aachwe aende.

Grainda ni mfano mzuri, kwa sababu iko katika kila karakana ya kuchomelea kuanzia Gerezani, Dar es Salaam, hadi Gikomba, Nairobi, na inaonekana kama kifaa kidogo kisicho na maneno mengi. Grainda ndogo, ya diski ya inchi nne na nusu, huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski kubwa ya inchi tisa kwa kawaida imeandikwa mwendo usiozidi mara 6,650 kwa dakika. Fundi akiishiwa na diski ndogo hung’oa gadi na kufunga diski kubwa kwenye mashine ndogo, na mara nyingi inakubali kufungika. Diski hiyo ilitengenezwa ili ukingo wake ukimbie takriban kilomita 290 kwa saa. Kwenye mashine ile utapita kilomita 470, na nguvu inayotaka kuipasua huongezeka karibu mara tatu. Ikipasuka, vipande huruka kuelekea upande ule ule ambao gadi ingekuwa, yaani usoni na shingoni.

Somo la grainda basi halihitaji picha ukutani. Mkufunzi huweka mezani diski nne: moja inayofaa, moja ya mwendo mdogo kuliko mashine, moja yenye ufa, na moja iliyopitwa na muda wake, kwa maana diski zilizogandishwa kwa gundi huwa na tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye pete ya chuma katikati. Mwanafunzi huambiwa achague na aeleze. Kisha huulizwa kwa nini diski ya kukatia haisagishwi ubavu, kwa nini mashine iliyofungwa diski mpya huachwa izunguke kidogo bila mzigo, na cheche zinaelekea wapi kama kuna dumu la petroli nyuma ya pazia. Dakika ishirini zinatosha. Akikosea, hakuna haja ya kumfokea. Hurudia somo wiki ijayo, na mpaka hapo haigusi kazi hiyo akiwa peke yake.

Umeme na mashine za kiwandani zina somo lake, la kufuli. Anayeingiza mkono ndani ya mashine huzima swichi kubwa, huitia kufuli yake mwenyewe, huweka ufunguo mfukoni, hubandika jina lake, kisha hujaribu kuiwasha ili ahakikishe imekufa kweli. Wakiwa mafundi watatu, kufuli ni tatu. Kibao kilichoandikwa “usiwashe” peke yake hakitoshi, kwa kuwa anayekuja kuwasha huenda hasomi, huenda ana haraka, au kibao kimeanguka. Kufuli hugharimu pesa kidogo kuliko karibu kifaa kingine chochote cha usalama, na bado ndiyo inayokosekana.

Somo ambalo halivumilii mzaha ni la kuingia mahali finyu pasipo na hewa ya kutosha: chemba ya maji taka, kisima, tangi la mafuta, ghala la nafaka. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, ikishuka chini ya 19.5 mahali huhesabiwa kuwa pa hatari, na ikizidi kushuka mtu hulegea na kuzimia kabla hajatambua kinachomsibu. Katika chemba kuna pia gesi ya salfidi hidrojeni, ile inayonuka kama yai viza. Ikiwa kidogo hunuka sana; ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kunusa, hivyo mtu hudhani imekwisha. Mwaka 1986 taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilitahadharisha kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa mahali kama hapo ni waokoaji. Mmoja huanguka, ndugu yake huruka kumfuata, wa tatu naye vivyo hivyo. Mafunzo hapa ni ya kuipinga silika ya huruma: aliyeko juu haingii. Huita msaada na kumvuta mwenzake kwa kamba aliyofungwa tangu mwanzo. Kama hakufungwa kamba, kama hewa haikupimwa kwa kipimo na feni haikupuliza hewa ndani, kazi haikupaswa kuanza. Mshumaa au jogoo anayeteremshwa shimoni si kipimo. Jogoo akirudi mzima haina maana hewa itabaki hivyo tope likianza kukorogwa.

Vifaa vya kujikinga navyo vina mafunzo yake, na hapo ndipo pana makosa mengi ya nia njema. Glavu humlinda mbeba mabati, lakini kwenye drili ya kusimama zinaweza kunaswa na ncha inayozunguka na kuuvuta mkono wote. Huko mikono huwa mitupu na vifungo vya mkono wa shati hufungwa. Maski ya kitambaa haizuii vumbi laini la mawe. Hata maski sahihi huvuja kwa mwenye ndevu, kwa kuwa lazima ikae juu ya ngozi. Kofia ngumu iliyopigwa na kitu kizito hutupwa hata kama haionyeshi ufa. Mkanda wa kujifunga unapofanya kazi kwenye kimo hauna faida kama umefungwa kwenye bomba lisiloweza kubeba uzito wa mtu anayeanguka, au kama kamba yake ni ndefu kuliko umbali wa kufika chini. Miwani ya kuchomelea humlinda mchomeleaji, ila anayemshikia chuma pembeni kwa macho matupu ndiye atakayeamka usiku akihisi mchanga machoni. Jambo moja la kisheria linafaa kujulikana: nchini Kenya mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi mshahara kwa ajili ya kitu kilichotolewa ili kutimiza sheria hiyo. Buti zinazokatwa kwenye mshahara wa mwisho wa mwezi ni kosa.

Kwa upande wa maradhi, ugumu ni kwamba hakuna damu. Vumbi la silika linalotoka mawe yanapochorongwa na kukatwa, katika machimbo ya tanzanaiti ya Mirerani kama katika karakana za vigae na malumalu mjini, hufanya makovu mapafuni taratibu kwa miaka, na aliyeathirika huwa mwepesi kushikwa na kifua kikuu. Makovu hayo hayatibiki. Dawa ni maji: jiwe likikatwa huku linamwagiwa maji, sehemu kubwa ya vumbi hugeuka tope kabla halijafika puani. Nchini Kenya mfanyakazi haruhusiwi kukaa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane kwa siku. Kipimo cha haraka ni hiki, kwamba kama watu wawili waliosimama umbali wa mkono mmoja wanalazimika kupaza sauti ili wasikilizane, kelele hiyo ipimwe. Kwenye mashamba, mfanyakazi hufundishwa kusoma utepe wa rangi chini ya lebo ya dawa, nyekundu ikiwa kali kuliko zote, kisha njano, buluu na kijani, na kungoja muda ulioandikwa kabla ya kurudi kwenye banda la maua lililopuliziwa.

Sumu haiishii getini. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliacha madini ya risasi katika miili ya wafanyakazi na majirani. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo, aligundua kwamba mtoto wake mchanga ana sumu hiyo, akaanzisha kampeni ya kukifunga, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mafunzo kwa wanaoshughulika na risasi au dawa za wadudu hayana budi kugusa nguo: zivuliwe kazini, zifuliwe kazini, mtu aoge kabla ya kumpakata mtoto. Mwajiri anayefundisha hivyo na hana bafu amefundisha nusu.

Joto linaingia polepole kwenye ratiba za mafunzo, na wanaokwenda kufanya kazi za ujenzi na ulinzi Ghuba wanapaswa kulijua kabla ya kupanda ndege. Oman husimamisha kazi za nje kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa na nusu alasiri kuanzia Juni hadi Agosti. Qatar, tangu mwaka 2021, hukataza kazi za juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Anayeacha kutoka jasho, akachanganyikiwa maneno, hayuko katika hali ya kupumzishwa tu kivulini. Huyo hupoozwa kwa maji mara moja na kupelekwa hospitali.

Ni nani afunzwe? Jibu la sheria ni kila anayefanya kazi, lakini wanaoachwa ni wale wale: vibarua wa siku, wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, wasafishaji na walinzi walioletwa na kampuni nyingine, na fundi aliyekuja kurekebisha paa kwa siku mbili. Mgeni kazini huumia kwa urahisi kuliko mwenyeji, kwa hiyo mafunzo ya kuanza kazi hufanyika kabla hajashika chochote, hata kama ni kibarua wa saa sita. Yanaweza kuwa mafupi: mlango wa dharura ni huu, sanduku la huduma ya kwanza liko kwa fulani, hapa huingii, mashine hii huigusi, ukiona jambo mwambie fulani. Mafunzo hurudiwa pia mashine mpya inapoletwa, kemikali inapobadilishwa, mtu anapohamishwa idara, na baada ya ajali au nusura, yaani ajali iliyokaribia kutokea.

Lugha ndiyo mahali ambapo fedha nyingi za mafunzo hupotelea. Kitabu cha mashine kimeandikwa Kichina au Kiingereza, mkufunzi anazungumza Kiingereza cha semina, na wasikilizaji wanaitikia kwa adabu. Hakuna ubaya kufundisha kwa Kiswahili cha karakana, na majina ya vifaa yawe yale yanayotumika pale pale. Fundi anayejua “gadi” hahitaji kufundishwa istilahi mpya siku anayofundishwa kutokufa. Kwa wasiosoma, alama na rangi hufundishwa, na mtihani huwa wa mikono.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kikao cha dakika kumi asubuhi kabla ya kazi, watu wakiwa wamesimama. Msimamizi huchagua jambo moja linalohusu kazi ya siku hiyo: leo tunapandisha tofali ghorofa ya pili, ngazi iegemezwe vipi? Jibu ni kwamba kwa kila mita nne za kimo, mguu wa ngazi usogee mita moja kutoka ukutani, na kichwa chake kifungwe. Mmoja huonyesha. Kisha huulizwa: jana nani aliponea chupuchupu? Swali hili hujibiwa tu pale ambapo aliyejibu jana hakuadhibiwa. Karakana ya watu wanane isiyoweza kumlipa mtaalamu inaweza kufanya hivi mwaka mzima bila gharama yoyote, na ikawa imefunza zaidi ya kampuni yenye vyeti ukutani.

Sheria hazimwachii mwajiri peke yake. Tanzania Bara, mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne huteua kwa maandishi mwakilishi wa usalama na afya. Kenya, penye watu 20 au zaidi huundwa kamati yenye wajumbe sawa wa uongozi na wa wafanyakazi, inayokutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Wajumbe hao nao hufunzwa, tena zaidi ya wengine, maana ndio watakaokagua na kuuliza. Kamati iliyojaa wakuu wa idara, ambamo mwendesha mashine anaandika tu kumbukumbu, huonekana mara moja kwa mkaguzi anayejua kazi yake.

Sehemu ya mafunzo inayowatia waajiri wasiwasi ni ile ya kukataa. Sheria ya Kenya inamlinda mfanyakazi anayejitoa mahali anapoamini kwa sababu za msingi kwamba pana hatari kubwa iliyo karibu kutokea: humwarifu msimamizi, na hatakiwi kurudi mpaka hatua zichukuliwe. Thamani ya kifungu kama hicho ilionekana Bangladesh. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilijitokeza katika jengo la Rana Plaza. Benki na maduka ya ghorofa za chini yaliwaambia watu wao wasije. Washonaji wa viwanda vya nguo vya ghorofa za juu waliamriwa warudi kazini asubuhi ya tarehe 24. Jengo lilianguka na watu 1,134 wakafa. Waliouona ufa walikuwa wengi. Kilichokosekana ni utaratibu wa kusema hapana bila kupoteza kazi, na utaratibu huo hufundishwa kama somo jingine lolote: unamwambia nani, unasimama wapi, nani anaamua, nani anaandika.

Moto una kanuni zake. Kanuni za Kenya za mwaka 2007 zinataka zoezi la kuhama jengo lifanyike angalau mara moja kwa mwaka na liandikwe. Zoezi lililotangazwa wiki nzima, watu wakatoka wakicheka na mikoba yao, halina thamani kubwa. Lifanyike siku moja mlango mkuu ukihesabiwa kuwa umeziba. Mtungi mdogo wa kuzimia moto huisha chini ya nusu dakika, kwa hiyo asiyewahi kuushika atazimaliza sekunde hizo akitafuta pini. Hufundishwa kwa vitendo uwanjani: vuta pini, elekeza kwenye kitako cha moto, bana, pepea huku na huku, mgongo ukiwa upande wa kutokea. Na milango ya dharura isitiwe kufuli kwa kuogopa wizi. Tarehe 25 Machi 1911, katika kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York, watu 146 walikufa, wengi wao wasichana, baada ya kukuta mlango wa ngazi umefungwa. Kisingizio cha wizi ndicho kinachosikika hata leo kwenye maghala.

Kumbukumbu huja baada ya kazi kufanyika, na zikifanywa vizuri humsaidia mwajiri kuliko mkaguzi. Daftari la mafunzo huonyesha jina, kazi anayoifanya mtu, tarehe, kilichofundishwa, aliyefundisha, alivyopimwa, matokeo, na lini atarudia. Orodha ya sahihi isiyo na “alivyopimwa” ni orodha ya mahudhurio tu. Pamoja nalo hutunzwa tathmini za hatari, kumbukumbu za kamati, ripoti za ajali na nusura, matokeo ya vipimo vya afya, na vyeti vya ukaguzi wa boila, mitungi ya hewa na vifaa vya kunyanyulia vilivyokaguliwa na wataalamu walioidhinishwa. Mahali pa kazi husajiliwa, na Tanzania Bara hutolewa leseni ya kukidhi matakwa ya sheria baada ya kukaguliwa. Kenya hutaka pia ukaguzi wa jumla wa usalama na afya kila baada ya miezi 12, unaofanywa na mtu asiye sehemu ya kampuni.

Mkaguzi mzoefu hatumii muda mrefu ofisini. Huomba daftari, huchagua jina moja, kisha huteremka karakanani kumtafuta mwenye jina hilo na kumwuliza mtungi wa moto uko wapi na hii kemikali ikimwingia machoni atafanya nini. Akikuta kasoro inayoweza kusubiri hutoa hati ya kuboresha yenye muda maalumu. Akikuta hatari ya papo hapo ana mamlaka ya kusimamisha mashine au kazi nzima. Mwajiri anayepewa hati kama hiyo hufanya vizuri kuibandika mahali watu wanapoiona na kuandika chini yake kilichofanyika, badala ya kuifungia kabatini.

Ajali ikitokea, aliyeumia huhudumiwa kwanza, mashine huzimwa, na eneo huachwa kama lilivyo. Kenya, ajali iliyoua huarifiwa kwa afisa wa usalama na afya kazini ndani ya saa 24, na taarifa ya maandishi hufuata ndani ya siku 7. Aliyeumia akashindwa kufanya kazi kwa zaidi ya siku 3, naye huandikiwa taarifa ndani ya siku 7. Uchunguzi mzuri hauishii kwenye “uzembe wa mfanyakazi”. Huuliza gadi iling’olewa lini, nani aliiona na akanyamaza, diski sahihi zilikuwa stoo au zilikuwa zimekwisha, na kazi hiyo ilitakiwa iishe saa ngapi.

Fidia ina njia mbili tofauti. Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, ambao mwajiri huuchangia kwa asilimia ndogo ya mishahara na mfanyakazi hakatwi kitu. Kenya, chini ya sheria ya fidia ya mwaka 2007, mwajiri hukata bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Kote kuwili madai hupaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12. Kwa ajali tarehe haina mjadala. Kwa maradhi, ambayo hujitokeza miaka mingi baadaye, kinachoamua mara nyingi ni vipimo vya afya: picha ya kifua na kipimo cha masikio vilivyochukuliwa siku ya kuajiriwa, vikarudiwa kila kipindi na siku ya kuondoka. Mfanyakazi ana sababu nzuri ya kuomba nakala zake na kuzihifadhi nyumbani pamoja na barua ya ajira na hati za mishahara.